Ilani Isiyoeleweka Haimwokoi Mtu

Wahenga walilonga kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, na aghalabu lawama yote tumemtwika msikilizaji. Hata hivyo, wahenga hawakutueleza hali ya mtu asiyesikia kwa sababu mkuu mwenyewe amenena kwa maneno yasiyo na maana kwake. Je, huyo naye akivunjika guu, lawama ni ya nani? Swali hili ndilo ninalokusudia kulijibu katika makala haya, na mfano wangu nitautoa mbali, katika jimbo la Texas nchini Marekani.

Mnamo Februari mwaka 2021, jimbo hilo lililozoea joto lilivamiwa na dhoruba kali za theluji na barafu. Tarehe 11, mvua iliyoganda ilipoanguka ilifunika barabara kuu mjini Fort Worth. Magari zaidi ya 130 yaligongana na watu 6 wakaaga dunia. Siku chache baadaye baridi ilizidi. Usiku wa kuamkia tarehe 15, mitambo ya umeme pamoja na visima na mabomba ya gesi vilikuwa vikiganda, ilhali kila nyumba ilihitaji joto. Wasimamizi wa gridi walilazimika kuwakatia wateja umeme, kwani zilikuwa zimesalia dakika 4 na sekunde 37 tu gridi nzima iporomoke. Isitoshe, gridi ya Texas imejitenga kwa kiasi kikubwa na gridi za majimbo mengine, hivyo msaada wa nje ulikuwa haba. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 zilikosa umeme, nyingine kwa siku kadhaa. Idara ya afya ya jimbo ilihesabu vifo 246. Wengi wa marehemu waliuawa na baridi yenyewe. 22 walifariki katika ajali za magari, na 19 kwa kuvuta hewa ya sumu.

Yamkini msomaji atauliza: haya yanatuhusu ndewe wala sikio sisi wa Idara ya Kiswahili? Yanatuhusu, tena sana. Miji ya Houston, Dallas na Fort Worth imewapokea wakimbizi wengi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, baadhi yao wakiwa wamepitia kambi za Nyarugusu nchini Tanzania na Kakuma hapa kwetu. Wengi wao huzungumza Kiswahili. Mwaka huo wa 2021, mfumo wa kitaifa wa kutuma ilani za dharura kwenye simu za mkononi ulikuwa umeandaliwa kwa Kiingereza na Kihispania. Mswahili aliyekuwa hajazimudu lugha hizo hakuwa na budi kumtegemea jirani, au mwanawe aliyeanza shule, amfasirie jambo la kufa na kupona.

Wapo wanaodai kuwa Kiswahili ni lugha ya nchi za joto, kwa hivyo hakiwezi kuieleza baridi ya namna hiyo. Dai hili ni potovu. Neno theluji tulilipata kutoka Kiarabu. Barafu asili yake ni Kiajemi, ambako maana yake ni theluji, nasi tukalipa maana ya maji yaliyoganda. Sakitu nalo limo kamusini, na wakulima wetu wa majanichai wanaijua vyema hasara yake, kwani iliyaunguza mashamba yao Januari mwaka 2012. Tatizo basi si uhaba wa maneno. Tatizo ni mfasiri anayelihamisha neno na kuiacha hatari nyuma.

Tuanze na barabara. Waingereza na Wamarekani huita barafu nyembamba inayotanda juu ya lami "barafu nyeusi". Tukilitafsiri jina hilo sisisi, tutamwambia dereva ajihadhari na kitu cheusi. Ukweli ni kwamba barafu hiyo haina rangi. Ni angavu kama kioo, na weusi unaoonekana ni wa lami iliyo chini yake. Dereva atakayetafuta barafu nyeusi ataiona barabara iliyolowa tu, naye ataongeza mwendo. Afadhali tuseme "barafu isiyoonekana", kisha tuongeze kuwa hutangulia kutanda juu ya madaraja, na kwamba anayeteleza juu yake asikanyage breki kwa ghafla.

Pili, tutazame umeme. Mkenya akiambiwa kuwa stima zitapotea, hutafuta mshumaa na kuendelea na shughuli zake. Katika dhoruba ya baridi, umeme ukikatika, kifaa cha kupasha nyumba joto huzima na maji huganda ndani ya mabomba hadi yakapasuka. Wazee na watoto wachanga huanza kupoa ndani ya nyumba yao wenyewe. Maneno "umeme utakatika" ni sahihi kisarufi, lakini hayamwonyi mtu ambaye maishani mwake umeme haukuwahi kumaanisha joto. Ni lazima aambiwe kuwa nyumba itapoa, na kwamba familia ikusanyike katika chumba kimoja, ivae nguo juu ya nguo na kuziba mianya.

Mfano wa tatu ndio unaonikera zaidi. Jiko la makaa na jenereta hutoa hewa ambayo wanakemia huiita kaboni monoksaidi. Haina rangi, harufu wala ladha, nayo hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Baadhi yetu huiita "hewa ya ukaa", jina ambalo katika mijadala ya tabianchi hutumiwa kwa hewa nyingine kabisa. Wengine huonya watu "waepuke moshi". Lakini nani asiyejua kuwa makaa yakishika vyema hayatoi moshi? Aliyelelewa kando ya jiko huamini kuwa makaa mekundu ni salama, na onyo letu linamthibitishia imani hiyo! Wala tusidhani kuwa haya ni ya ughaibuni tu. Hapa Kenya, msimu wa baridi wa Juni na Julai hauishi bila habari za watu waliolala na jiko chumbani wasiamke.

Ningependekeza ilani isemwe hivi: "Usiwashe jiko la makaa wala jenereta ndani ya nyumba au gereji, hata kama huoni moshi. Hewa yake huua mtu akiwa usingizini. Ukiumwa na kichwa na kuona kizunguzungu, toka nje upesi." Hakuna istilahi hata moja ya kikemia hapo, lakini hatari imefika.

Baadhi ya wenzangu watasema kuwa tarakilishi sasa hutafsiri kila kitu. Sikatai kuwa zinasaidia. Hata hivyo, tarakilishi haimwulizi msomaji alichokielewa. Fauka ya hayo, Kiswahili cha Lubumbashi si kile cha Lamu. Mkongo huenda akatumia neno la asili ya Kifaransa pale sisi tunaposema stima.

Shime basi, wanafunzi wenzangu. Katika kozi zetu za tafsiri, tupewe ilani za dharura pamoja na mashairi na riwaya. Nanyi wahadhiri wetu, mtusahihishe kwa kigezo kimoja zaidi ya sarufi: je, aliyeisoma ilani hii atafanya nini usiku wa leo? Mkuu akinena kwa maneno yanayoeleweka, hapo ndipo tutakuwa na haki ya kumlaumu aliyevunjika guu.