SI KILA KINYAMA NI BAWASIRI (Sehemu ya 4)

Mama zangu wa Bukoba na Muleba, leo naongea bila kupepesa macho.

Mtu akiota kinyama karibu na njia ya haja kubwa, anaambiwa, "Hiyo bawasiri, kuna mzee ana dawa ya kuikausha." Anapakwa dawa inayochoma, ngozi inababuka, anakuja kwetu na kidonda. Juzi nimemsafisha mama anayenyonyesha, hawezi hata kukaa amshike mtoto wake. Na mwanzo alikuwa na kigololi tu, hakimuumi!

Ngozi ya sehemu ile ina tezi. Tezi hizo zinaweza kuota uvimbe mdogo, mara nyingi haufiki sentimita 2, hasa kwa wanawake watu wazima. Aina mojawapo inaitwa haidradenoma. Si saratani, hauambukizi, hautokani na ngono. Kwa hiyo shemeji zangu, acheni kumuuliza mkeo "umeutoa wapi?" Na mawifi, hii si habari ya kusimuliana kwenye rubisi.

Dawa ya bawasiri haiuondoi. Unapigwa sindano ya ganzi, uvimbe unakatwa, mara nyingi unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Ukitolewa wote, ni nadra kurudi.

Sasa hapa ndipo ugomvi wangu ulipo. Kwa macho tu, hakuna wa kuapa kwamba kinyama ni salama, awe mganga au daktari. Masundosundo yanaweza kufanana nao, na saratani pia. Kilichokatwa lazima kipimwe maabara. Usikubali kitupwe! Uliza: "Majibu ya kipimo cha nyama yangu yatatoka lini?" Ukishauunguza kwa dawa ya mzee, tutapima nini?

Na sisi wahudumu tusijifanye watakatifu. Kumwandikia mtu dawa ya bawasiri bila kumkagua ni uvivu, tuuite hivyo.

Nenda Rubya, nenda Ndolage, au hospitali ya rufaa ya mkoa pale Bukoba. Unaona aibu? Omba muuguzi wa kike awepo. Ukiona damu, kidonda kisichopona au uvimbe unaokua haraka, usingoje hela ya kahawa.

Aibu haijawahi kumponya mtu. Mtumie dada yako, hata kama hajakwambia kitu. Wengi hawasemi.