Mji Uliokata Maua Yake

Juma hili nawapeleka mbali kidogo, mpaka mji mdogo uitwao Spalding, katika jimbo la Lincolnshire huko Uingereza, kiasi cha maili 100 kaskazini ya London. Nilifika huko mwezi wa Mei 2023, majira ambayo baridi imekwisha na miti yachipua, ili nitazame maandamano ya maua.

Nchi ile ni tambarare kama meza. Zamani ilikuwa kinamasi. Watu wakachimba mitaro na kuyaondoa maji, na udongo uliobaki ni mzuri ajabu. Humo wakulima walipanda tulipu. Mimi nilidhani waliishi kwa kuuza maua. La! Mali yao kubwa ilikuwa tunguu, yaani kile kishina cha mviringo, mfano wa kitunguu, kilichomo udongoni. Hupandwa kabla ya baridi kali, huchanua Aprili na Mei, na ua likisha kufunguka mkulima hulikata kichwa, akayaacha majani yasimame. Ua likiachwa litataka kuzaa mbegu, na nguvu ambayo ingelinenepesha tunguu itapotea bure. Ninyi mlimao pareto mtashangaa: kwetu ua ndilo lipelekwalo sokoni, nao walilikata kama mtu akatavyo magugu!

Basi kila mwaka palikuwa na marundo ya vichwa vya maua, vyekundu, vyeupe na vya manjano, vikioza kandokando ya mashamba. Tangu miaka ya 1930 wageni walikuwa wakija kuyaona mashamba yenyewe, hata njia zikajaa motokaa. Mwaka 1959 maandamano yakaanza. Mafundi waliunga vyuma kwa umbo la ndege, jumba au mnyama, wakavifunika kwa mikeka ya majani makavu. Kisha watu wakabandika vile vichwa kimoja kimoja kwa pini, maelfu kwa maelfu. Kazi hiyo ilifanywa upesi siku za mwisho, maana ua lililokatwa halingoji. Trekta zikayakokota mapambo hayo mjini, watu wakishangilia.

Lakini ua halijui kalenda. Baridi ikichelewa kuondoka, siku ya sherehe ilifika tulipu zingali zimefumba, na karatasi za rangi zikatumiwa badala yake. Hilo lilivumilika. Lisilovumilika ni kwamba mashamba ya tulipu yalipungua, kisha fedha za halmashauri nazo zikakatwa, na baada ya mwaka 2013 maandamano yakakoma. Miaka kumi ilipita. Ndipo wenyeji walipoyafufua kwa michango na juhudi zao wenyewe, na hayo ndiyo niliyoyaona mimi: bendi, watoto wa shule, magari yaliyopambwa, na umati uliojaa pande zote mbili za njia.

Kando yangu alisimama mzee mmoja mwenye fimbo. Alinieleza kwamba mama yake alikuwa mmoja wa waliobandika maua usiku kucha, vidole vikafa ganzi kwa unyevu na baridi. Nikamwuliza yako wapi mashamba hayo, niende nikayaone kabla ya jioni. Alitikisa kichwa. "Kijana," akasema, "sherehe imerudi. Mashamba ni jambo jingine."

Mkononi nilikuwa na shada la waridi nililonunua dukani asubuhi ile, zawadi kwa mama mwenye nyumba niliyofikia. Mzee akaligeuza, akasoma kikaratasi chake, akacheka mpaka akakohoa. Kiliandikwa kwamba maua yale yametoka Kenya.

Ikawa zamu yangu kueleza. Nikamweleza habari za Naivasha: jinsi waridi zikatwavyo na kupangwa kwa urefu wa mashina, jinsi zinavyotiwa katika vyumba vya baridi, kisha zikapelekwa kwa magari mpaka kiwanja cha ndege cha Nairobi, na kwamba mikono mingi ifanyayo kazi hiyo ni ya akina mama. Alisikiliza kwa makini, kama mkulima amsikilizavyo mkulima mwenziwe.

"Na akina mama hao," akauliza, "sherehe yao huwa siku gani?"

Nikatazama njiani. Trekta la mwisho lilikuwa likipita, na sikuwa na siku ya kumtajia.