Mumiani wa Sinema na Mumiani wa Uvumi

Wako watu wazima, na baadhi yao ni walimu wenzangu, wasemao kwamba sinema za wanyonya damu zipigwe marufuku kwa kuwa zinawaharibu vijana. Mimi sikubaliani nao. Adui tunayepaswa kumwogopa hayumo katika sinema. Yumo katika maneno yapitayo mdomo hadi mdomo, sokoni, ufukoni penye mitumbwi, na siku hizi katika simu za mkononi, yakidai kwamba kuna watu wanaoiba damu ya binadamu usiku na kuiuza. Sinema humtisha mtazamaji kwa muda wa saa mbili, kisha taa huwaka naye akaenda zake. Uvumi humfuata mpaka nyumbani. Nakuomba, msomaji, nikupambanulie mambo haya mawili, maana moja ni mchezo na jingine limeua watu.

Tuanze na mchezo. Mwaka 2024 ilitoka Marekani sinema iitwayo Abigail. Wahalifu 6 wanamteka nyara binti mdogo, mcheza densi, na kumfungia katika jumba kubwa. Fidia inayodaiwa ni dola milioni 50, na kazi yao ni kumlinda kwa saa 24 tu. Punde si punde mmoja wao anakutwa amekufa, milango na madirisha yanafungika kwa vyuma, na kila mtu anamtazama mwenzake kwa jicho la shaka. Muuaji ni nani? Ni yule mtoto waliyemfunga. Yeye ndiye mnyonya damu, na jumba lile ni mtego waliotegewa wao.

Siisifu damu imwagikayo humo. Imezidi kiasi, na mtoto mdogo asionyeshwe. Lakini limo jambo moja la kuchekesha ambalo lina mafunzo. Wahalifu wale wanaanza kukumbushana yale waliyosikia juu ya wanyonya damu, na mmoja wao anakwenda kutafuta vitunguu saumu vya kujikingia. Anarudi amebeba vitunguu maji! Mtazamaji hucheka, naye ana haki ya kucheka, kwa kuwa anamwona mtu anayetaka kuokoa roho yake kwa habari aliyoisikia bila kuichunguza. Kusikia si kujua.

Hadithi za namna hii, ambamo mtu hufa ndani ya chumba kilichofungwa, zina asili ya zamani. Mwaka 1841 Edgar Allan Poe, mwandishi wa Marekani, aliandika habari ya wanawake wawili waliouawa Paris, katika chumba ambacho mlango wake ulikuwa umefungwa kwa ndani. Majirani walisikia sauti ya muuaji. Mmoja aliapa kuwa ni ya Mspania, mwingine akasema ni ya Mjerumani, mwingine ya Mrusi. Kila mmoja alitaja taifa la watu ambao yeye mwenyewe hakujua lugha yao. Mwisho ikabainika kwamba muuaji hakuwa mtu kabisa, bali nyani mkubwa aliyepita dirishani. Lishike jambo hilo vizuri. Walipokosa jibu, majirani wote walimshtaki mgeni.

Sasa tuje kwetu. Pwani, neno mumiani kwanza lilikuwa jina la dawa nyeusi mfano wa lami, ambayo watu walisema imetengenezwa kwa damu ya binadamu. Baadaye likawa jina la mtu anayedhaniwa kuitafuta damu hiyo. Nairobi na Kampala zama za ukoloni aliitwa mzimamoto. Huku kwetu katika nchi ya Wajaluo huitwa kachinja, na Mswahili yeyote atalitambua neno lake ndani ya jina hilo. Watu waliamini kwamba magari mekundu ya zimamoto hubeba watu wa kunyonywa damu. Mombasa, mwaka 1947, umati ulikishambulia kituo cha zimamoto. Hata mwaka 1972, nchi ikiwa huru kwa zaidi ya miaka 10, gazeti moja la Tanzania lilichapisha makala ya kuwaeleza wasomaji kwamba wazimamoto si wachinja-chinja.

Kisa cha Kampala cha mwaka 1958 kinapita sinema yoyote kwa mzaha wake mchungu. Mtu mmoja alikwenda katika kituo cha zimamoto kutaka kuwauzia binadamu mwenzake. Alikuwa amesikia kwamba hapo ndipo damu hununuliwa. Wazimamoto wakawaita polisi, na mfanyabiashara yule akahukumiwa kifungo cha miaka 3. Linganisha na Abigail. Katika sinema wahalifu walidhani wamemshika mtoto, kumbe wamemshika mnyonya damu. Kampala mhalifu alidhani anakwenda kwa wanyonya damu, kumbe anakwenda kwa watumishi wa serikali wenye mipira ya maji. Katika kisa hicho chote alikuwapo mtu mmoja tu aliyekuwa tayari kufanya biashara ya damu ya mwenzake, naye ni yule aliyeuamini uvumi.

Usiseme kwamba hayo ni ya kale. Mwaka 2017, kusini mwa Malawi, katika wilaya za Mulanje na Phalombe, zilienea habari kwamba wanyonya damu wanaingia majumbani usiku. Vijana wakaweka vizuizi barabarani. Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake, na serikali ikakataza watu kutembea usiku. Kabla ya kutulia, watu wasiopungua 6 walikuwa wameuawa na makundi yaliyojichukulia sheria mkononi. Waliouawa walikuwa na majina na mama zao. Mnyonya damu hakupatikana hata mmoja.

Najua utanijibu: “Mwalimu, wazee wetu hawakuwa wajinga.” Nami nakuunga mkono. Waliona mengi ya kuwatia hofu. Waliona wanaume wakichukuliwa kwa nguvu kuwa wapagazi wa jeshi katika vita vya 1914 hadi 1918, na maelfu yao hawakurudi. Walitozwa kodi ya nyumba walizojenga wenyewe. Waliona wageni wakiwatoa damu kwa sindano bila kueleza inakwenda wapi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka. Hofu yao ilikuwa na sababu. Lakini hofu yenye sababu yaweza kumkamata asiye na hatia. Aliyewanyang’anya nguvu zao alikuwa ofisini na daftari la kodi mbele yake, nao wakamrushia mawe mzimamoto.

Sasa nikupe fumbo la chumba kilichofungwa la papa hapa Mbita. Usiku mlango umetiwa komeo na dirisha limefungwa. Baada ya siku kadhaa mtoto aliyelala humo anatetemeka kwa homa. Nani aliingia? Kwa karne nyingi watu wa Ulaya waliishtaki hewa. Neno malaria kwa Kiitaliano maana yake ni hewa mbaya. Kwingine alishtakiwa jirani mwenye jicho la husuda. Mwaka 1897, nchini India, daktari Ronald Ross alimpasua mbu, akamtazama kwa darubini, akaviona vijidudu vya malaria tumboni mwake. Mnyonya damu alikuwa amepita katika upenyo ulio kati ya ukuta na paa, mahali ambapo hakuna mtu aliyefikiri kuweka komeo.

Na ushahidi haukuishia India. Kati ya miaka 2012 na 2015, katika kisiwa cha Rusinga tunachokiona ng’ambo, wachunguzi wa kituo cha wadudu cha icipe pamoja na wenzao wa Ulaya walitundika mitego katika nyumba za watu. Mitego hiyo iliendeshwa kwa nguvu ya jua na kutoa harufu kama ya binadamu, ili mbu aifuate na kunaswa. Katika nyumba zilizokuwa na mitego, ugonjwa wa malaria ulikuwa pungufu kwa karibu 30 katika kila 100. Lakini hesabu hiyo isingalijulikana kama watu wa Rusinga wasingalikubali kutobolewa kidole na kutoa tone la damu. Laiti wangalimfukuza mchunguzi kwa mawe wakimwita kachinja, mnyonya damu wa kweli angalibaki huru.

Hapo ndipo jambo hili linapokugusa wewe uliye kidato cha tatu au cha nne. Katika Kenya, mtu mwenye afya njema na umri wa miaka 16 au zaidi aweza kuchangia damu, na kwa muda mrefu wanafunzi wa sekondari wamekuwa sehemu kubwa ya wachangiaji. Mfuko mmoja ni kiasi cha mililita 450. Damu hiyo humwendea mama aliyetokwa na damu nyingi katika uzazi, au mtoto ambaye malaria imemwishia damu mwilini. Uvumi mmoja ukiingia bwenini usiku wa kuamkia siku ya kuchangia, nusu ya darasa watajificha. Mtoto aliyelazwa Homa Bay hatajua ni nani aliyemnyima, na mleta uvumi hatashtakiwa popote.

Wauguzi na wachunguzi nao wana wajibu wao. Atoaye damu ya mtu amweleze kwa lugha anayoifahamu ni kiasi gani anatoa, ni ya nini na inakwenda wapi, na akiulizwa asikasirike. Akinyamaza, amefunga mlango kwa mkono wake, na penye mlango uliofungwa watu hutunga habari zao.

Basi tazama sinema yako ukitaka, baada ya kumaliza kazi za shule. Ukitoka, chukua ule ustadi wa mpelelezi ukautumie barazani. Mtu akikuambia kwamba gari fulani linakusanya damu, muulize maswali matatu. Nani aliona kwa macho yake? Alikuwa wapi alipoona? Na ni nani anayefaidika tukiamini? Akijibu kwamba ameambiwa na mtu aliyeambiwa na mtu, umekwisha kumjua: huyo ni yule mhalifu aliyerudi na vitunguu maji. Usiyachukue maneno yake ukayapeleka kwa mwingine.