Treni iko mezani, mdogo wake yuko sakafuni

Mama mmoja wa Morogoro ameniandikia ujumbe. Shemeji yake alipokuja likizo kutoka Ujerumani aliwaletea watoto boksi la treni ndogo ya umeme: kichwa kimoja, mabehewa matatu na vipande vya reli vya kuunganisha. Mtoto wake wa kwanza, mwenye miaka 10, ameipenda kupita kiasi. Tatizo ni mdogo wake, binti wa mwaka mmoja na nusu, ambaye kila anachookota kinaishia mdomoni. Boksi limewekwa juu ya kabati, huu ni mwezi wa pili, na kaka mtu amenuna. Mama anauliza kama aligawe tu ili nyumba itulie.

Jibu langu ni usiligawe. Lakini pia usilifungue kabla hujasoma hadi mwisho.

Wenzetu wa Ulaya wana historia ndefu na mchezo huu. Mwaka 1891 kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha kwenye maonyesho ya Leipzig treni ya kuchezea ambayo reli zake ziliweza kuongezwa kipande baada ya kipande. Tangu hapo zawadi haikuwa tena kitu kilichokamilika dukani, ilikuwa mwanzo wa ujenzi. Leo mjini Hamburg kuna jengo liitwalo Miniatur Wunderland, lililofunguliwa mwaka 2001, lenye reli za mfano za zaidi ya kilomita 15, na milima, miji na watu wadogo wasiohesabika. Watu wazima hupanga foleni kuingia.

Kwa hiyo shemeji hakuleta mchezo wa kitoto. Ameleta kazi ya miezi, na hiyo ndiyo faida yake. Mtoto atapima, atakata, atasubiri gundi ikauke, atakosea na kurudia. Vidole vyake vitajifunza kazi ndogondogo, na kichwa chake kitajifunza kupanga jambo leo litakaloonekana wiki ijayo. Simu haimfundishi kusubiri. Na mzazi anayekaa naye mezani nusu saa atasikia habari za shule ambazo asingeambiwa kwa kuulizwa "leo umesoma nini?"

Hesabu kwanza

Tazama maandishi kwenye boksi. Treni nyingi za Ujerumani ni za kipimo cha H0, maana yake kila kitu kimepunguzwa mara 87. Upana kati ya reli zake ni milimita 16.5. Mwambie kijana achukue upana wa reli ya SGR inayopita hapo Morogoro, milimita 1,435, agawanye kwa 87. Atapata 16.5. Kumbe reli iliyo juu ya kabati ni SGR yenyewe iliyopunguzwa! Reli ya Kati, ile ya zamani iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1,000, hivyo kwa kipimo hicho ingehitaji reli nyembamba zaidi.

Aendelee kugawanya. Mtu mwenye urefu wa sentimita 174 anakuwa wa sentimita 2. Mwembe wa mita 10 unakuwa wa sentimita 11 na nusu. Behewa la mita 25 linakaribia sentimita 29. Mwisho agawanye reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Hata baada ya kupunguzwa mara 87, inabaki na zaidi ya kilomita 21. Hapo ataelewa mwenyewe kwamba hawezi kujenga safari nzima. Achague sehemu moja anayoijua: stesheni moja, daraja moja, au pale reli inapokata barabara na bodaboda wanasubiri treni ipite.

Ubao na reli

Nunueni plaiwudi moja ya futi 4 kwa 8 na mwombe fundi aikate katikati. Nusu yake, futi 4 kwa 4, inatosha kwa duara la reli linalokuja kwenye maboksi mengi ya H0, kwa kuwa kona zake huwa na nusu kipenyo cha sentimita 36 hivi. Chini ya ubao pigilia mbao nyembamba usipinde. Fundi apige msasa kingo zote, na kazi hiyo ifanyike nje, watoto wakiwa mbali na vumbi.

Kabla ya gundi, pangeni reli juu ya ubao na muache treni izunguke siku mbili tatu. Ikianguka kwenye kiungio, tatizo liko kwenye kiungio hicho, lirekebishwe sasa. Mkitaka mlima wa kupanda, reli isiinuke zaidi ya sentimita 2 au 3 kwa kila mita moja, vinginevyo kichwa kitateleza. Na acheni nafasi ya kiganja kati ya reli na ukingo wa ubao. Treni inayoanguka kutoka mezani haivunjiki peke yake, humwaga vipande sakafuni, na sakafuni kuna mtu.

Mandhari ya nyumbani

Hapa hamhitaji kuagiza kitu Ulaya. Kunja magazeti ya zamani yawe mabonge, yabandike kwa gundi ya karatasi, kisha yafunike kwa vipande vya karatasi ya chooni vilivyochovywa kwenye gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji. Tabaka 3 au 4, kila moja likikauka, na Milima ya Uluguru imepatikana.

Kokoto za kati ya mataruma ni mchanga uliochekechwa kwa chujio la chai la zamani. Kabla ya kuumwaga pitisha sumaku juu yake, kwani chembe za chuma zikiingia kwenye mota ya kichwa cha treni zitaiharibu. Ukishaupanga kwa brashi, changanya gundi nyeupe na maji nusu kwa nusu, ongeza tone la sabuni ya maji ili mchanganyiko upenye, kisha dondoshea kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Acha hadi kesho yake. Halafu futa sehemu ya juu ya reli kwa kitambaa, maana umeme hupita hapo na gundi iliyokauka huuzuia.

Nyasi ni unga wa mbao kutoka kwa seremala, uliotiwa rangi ya kijani ya maji na kuanikwa. Msitumie kijani kimoja. Mkiwa njiani kwenda sokoni mwambie aangalie: nyasi za kando ya reli zina kahawia, njano na vumbi jekundu. Vichaka ni sponji ya vyombo iliyochanwachanwa. Shina la mti ni nyaya nyembamba zilizosokotwa pamoja. Paa la bati hupatikana kwa kubandua karatasi ya juu ya boksi la katoni, chini yake kuna mikunjo iliyo tayari. Lipake kijivu, kisha kutu kidogo kwa ncha ya brashi kavu.

Kinachofanya stesheni ionekane hai ni vitu vidogo ambavyo mtoto ameviona kwa macho yake: mama anayeuza mahindi ya kuchoma, ndoo za maji, baiskeli iliyoegemezwa ukutani, shuka kwenye kamba. Mwache achague yeye. Akitaka kuweka mbuzi juu ya paa, mbuzi akae juu ya paa.

Sasa tuje kwa mdogo wake

Mtoto wa umri huo hujifunza dunia kwa mdomo. Kumgombeza hakusaidii, na kumwambia kaka "uwe makini" hakutoshi. Kinachosaidia ni mpango wa nyumba.

Chukua bomba la katikati la karatasi ya chooni. Kitu chochote kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Watu wadogo, magurudumu na viungio vyote vinapita. Ubao ukae juu ya meza isiyofikika, usogezwe ukutani, bila kitambaa kinachoning'inia ambacho mtoto atakivuta. Vipande vidogo vikae kwenye chombo cha mfuniko wa kuzungusha. Kazi ifanyike binti akiwa amelala au yuko na mtu mwingine, na kabla ya kumaliza kaka mtu afagie, kisha apige magoti aangalie sakafu kwa urefu wa macho ya mdogo wake.

Vitu viwili nataka uvitafute kabla ya treni kuwashwa. Cha kwanza ni betri bapa zinazofanana na sarafu, ambazo hukaa kwenye rimoti na taa ndogo. Betri hiyo ikikwama kooni inaweza kuunguza nyama za ndani ndani ya saa mbili, hata kama mtoto haonyeshi dalili kubwa. Mfuniko wa betri uwe wa skrubu, na kama ni wa kubofya tu, ufungwe kwa gundi ya karatasi iliyo imara. Ukihisi mtoto amemeza, nenda hospitali yenye eksirei saa hiyohiyo. Usimtapishe wala usisubiri aipitishe chooni. Kwa mtoto aliyezidi mwaka mmoja na anayeweza kumeza, wataalamu hushauri vijiko viwili vya chai vya asali kila baada ya dakika 10 mkiwa njiani, lakini asali isikucheleweshe kuondoka.

Cha pili ni sumaku. Baadhi ya treni za watoto huunganishwa kwa sumaku. Mbili zikimezwa hushikana zikiwa sehemu tofauti za utumbo na kutoboa kuta zake. Hii nayo ni safari ya hospitali ya haraka.

Mtoto akikabwa na hawezi kulia wala kukohoa, mwinamishe mbele na umpige mgongoni kati ya mabega mara 5 kwa kiganja. Kama hakijatoka na amezidi mwaka mmoja, simama au piga magoti nyuma yake na umkandamize juu ya kitovu kwenda ndani na juu mara 5, kisha rudia huku mwenzako akiita msaada. Usiingize kidole mdomoni kutafuta usichokiona, utakisukuma ndani zaidi.

Kazi za mtu mzima

Kichwa cha treni za umeme za aina hii kwa kawaida hutumia volti 12 au karibu na hapo, kwa hiyo reli zenyewe si hatari kubwa. Hatari iko kwenye adapta inayochomekwa ukutani. Ya Ujerumani inakubali umeme wetu wa volti 230, inahitaji plagi ya kubadilishia tu. Lakini kama ndugu yako ameleta treni kutoka Marekani, soma nyuma ya adapta: ikiandikwa volti 120 pekee, usiichomeke, itaungua.

Kisu chenye wembe ni cha mzazi. Supagluu pia ni ya mzazi: ikigandisha vidole, loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, usivute kwa nguvu, na ikiingia jichoni suuza kwa maji mengi na uende hospitali. Kuunganisha nyaya kwa kuchomelea kufanywe na mtu mzima, dirisha likiwa wazi na mikono ioshwe baadaye, kwa sababu waya wa kuchomelea mara nyingi una madini ya risasi. Makopo ya rangi ya mafuta yaliyobaki stoo yaacheni hukohuko. Baadhi yana risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Rangi za maji zilizoandikwa kuwa salama kwa watoto zinatosha.

Mkitumia unga wa jasi badala ya karatasi, vaeni barakoa wakati wa kuchanganya. Na mtoto asitumbukize mkono ndani yake kutengeneza umbo, kwani jasi inapoganda hupata joto linaloweza kuunguza.

Binti naye apewe yake

Mdogo anayekatazwa kila siku atatafuta njia. Mtengenezee treni ya sakafuni kwa maboksi makubwa ya viatu yaliyounganishwa. Kamba ya kuvutia iwe fupi isimzunguke shingoni. Bandika gundi ya karatasi sakafuni kama reli, apeleke wanasesere wake "Dodoma" na kurudi. Mpe kaka kazi ya kuwa msimamizi wa stesheni ya dada yake mara moja kwa siku. Utashangaa ugomvi utakavyopungua.

La mwisho ni kwa baba, wajomba na akina kaka wakubwa, maana ninyi nawajua. Treni ikishaanza kuzunguka mtavuta viti, na baada ya wiki mtoto atakuwa mtazamaji wa treni yake mwenyewe. Shikeni kisu na adapta, mengine mwachieni. Nyumba yake ikikaa upande, ikae upande.

Mama wa Morogoro, shusha boksi. Anza na betri na sumaku, kisha kampime kijana urefu wa kifua chake. Huo ndio uwe urefu wa meza.