Mgeni wa Mazoezi Asichekwe



Sisi tuliotoka Rumonge, Magara na Nyanza-Lac hatukuzoea kuambiwa tufanye mazoezi. Kazi ilitosha: kuvuta nyavu za ndagala usiku, kubeba mikungu ya michikichi, kupakia bidoni za mawese garini. Hapa kambini hakuna ziwa wala michikichi, na wengi tunashinda tumekaa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ni nusu saa kwa siku 5, na kutembea haraka kunahesabika.

Wanaopenda kunyanyua vyuma, vile vya makopo ya saruji, wana shida nyingine. Mgeni anapewa uzito wa wazoefu siku ya kwanza, akishindwa anachekwa. Kesho yake mwili unauma, harudi tena. Kwa maoni yangu kosa si lake. Mpeni chuma chepesi, mwonyesheni namna ya kukishika, kisha apumzike siku 1 au 2. Misuli kuuma mwanzoni ni kawaida, huisha. Kifua kikiuma aache hapo hapo, aende zahanati. Mwenye shinikizo la damu au mimba aulize zahanati kabla ya kuanza.

Na akina mama? Waliobeba beseni za ndagala kichwani hawashindwi na kopo la saruji. Vijana wenye vyuma, wapangieni saa yao, asubuhi kabla ya foleni ya maji.