"Maliza Dozi" Haitoshi

Kila mwaka, kuanzia tarehe 18 hadi 24 Novemba, dunia huadhimisha wiki ya uhamasishaji juu ya usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Kila mwaka mabango yetu hurudia agizo lile lile: mwananchi, maliza dozi, mwananchi, usinunue dawa bila cheti. Sina ugomvi na ushauri huo. Nina ugomvi na kile unachokificha.

Ushauri huo si mgeni. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel kwamba dozi pungufu huwafundisha vimelea kuistahimili dawa. Miaka themanini baadaye bado tunamhubiria mgonjwa peke yake, kana kwamba ndiye aliyepanga bajeti ya wizara.

Hebu tutazame upande wa pili wa kitanda. Mwaka 2019 pekee, watu wapatao milioni 1.27 duniani walikadiriwa kufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na mzigo mzito zaidi uliziangukia nchi za Afrika kusini mwa Sahara. Utafiti wa nchi 14 za Afrika uliotangazwa mwaka 2022, Tanzania ikiwamo, ulibaini kuwa kati ya maabara za tiba zipatazo 50,000, ni asilimia 1.3 tu zilizokuwa zikipima bakteria. Pasipo kuotesha vimelea, daktari hajui ni dawa ipi ingali ina nguvu. Anapiga ramli, si kwa ujinga wake, bali kwa sababu amenyimwa macho.

Nimeiona ramli hiyo kwa karibu. Mama mzazi wa rafiki yangu alilazwa kwa maambukizi ya njia ya mkojo yaliyoingia kwenye damu. Alibadilishiwa dawa mara tatu kabla sampuli yake haijapelekwa mji mwingine kupimwa, kwa gharama ya familia. Sisi marafiki tulifanya yaliyo mila yetu: tukapeana zamu za kukesha, tukapeleka uji, tukachanga fedha za sindano ambazo bei ya siku moja inaushinda mshahara wa mwalimu wa wiki nzima. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Lakini fedha zetu nyingi zilikwenda kununua dawa ambazo kipimo kimoja kingetuambia mapema kuwa hazifai kitu.

Hapo ndipo ukarimu wetu unapogeuzwa kuwa pazia. Maadamu ndugu na marafiki wanachanga, hakuna anayeulizwa kwa nini hospitali yenye mamia ya vitanda haina huduma ya kuotesha vimelea.

Nitaambiwa maabara ni ghali. Je, kumlaza mgonjwa wiki tatu badala ya moja ni rahisi? Je, kutumia ovyo dawa za akiba, zile za mwisho kabisa, mpaka nazo zife, ni kubana matumizi?

Mipango hatukosi. Tulikuwa na mpango wa kitaifa wa mwaka 2017 hadi 2022, na sasa tunao wa 2023 hadi 2028. Tunayo pia Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Watumishi wa umma mnaosoma hapa, kipimo hiki kiwekeni ndani ya kitita cha bima, na vitendanishi vyake vipewe fungu lisiloguswa. Wanafunzi na wanaharakati, iulizeni kila hospitali ya rufaa ya mkoa wenu: vimelea vinaoteshwa hapa, au havioteshwi?

Novemba ijayo, kabla ya kumwagiza mgonjwa amalize dozi, bango la kwanza litundikwe mlangoni mwa hospitali na liseme: bakteria hupimwa hapa, majibu hutoka siku ya tatu.