Upasuaji wa Kupunguza Matiti: Mgonjwa Aambiwe Yote Kabla ya Kisu

Katika madaftari ya zahanati, mwanamke mwenye matiti mazito mno mara nyingi haandikwi kwa tatizo lake. Huandikwa "maumivu ya mgongo", hupewa diklofenaki, na baada ya mwezi hurudi na malalamiko yaleyale. Mabega yake yana mifereji iliyochimbwa na mikanda ya sidiria. Ngozi ya chini ya matiti imelowa jasho na ina fangasi wasiokwisha. Shingo humuuma kila ainamapo kulima au kufua. Akithubutu kusema kwamba chanzo ni matiti yenyewe, huenda akajibiwa kuwa anatafuta urembo, au kwamba apunguze kula. Kupungua uzito huwafaa baadhi, lakini titi lenye tishu nyingi za tezi halinywei sana kwa mlo, na mwenye maumivu hayo hata mazoezi humshinda. Huyu ni mgonjwa, na anastahili rufaa.

Hata hivyo, kosa la kumpuuza lisitibiwe kwa kosa jingine, yaani kumwahidi raha tupu. Upasuaji huu huondoa maumivu ya shingo na mabega kwa wengi waliochaguliwa vizuri, tena mapema. Lakini una gharama zake mwilini, na zipo ambazo hazirudishiki.

Mgonjwa hulazwa kwa dawa ya usingizi kwa saa mbili hadi nne. Daktari huondoa mafuta, tezi na ngozi iliyozidi, kisha huipandisha chuchu mahali papya ikiwa bado imeshikana na ukanda wa tishu unaoipelekea damu na mishipa ya fahamu. Kovu huzunguka chuchu, hushuka wima, na mara nyingi hulala chini ya titi, umbo lake likifanana na nanga. Kabla ya hapo matiti huchunguzwa kwa ajili ya saratani, na tishu iliyotolewa hupelekwa maabara kwa sababu hiyohiyo.

Jambo zito zaidi ni kunyonyesha, na ndilo linalosemwa kwa haraka kuliko yote. Baada ya upasuaji, wapo wanaotoa maziwa ya kutosha, wapo wanaolazimika kumwongezea mtoto maziwa mengine, na wapo wanaokosa kabisa. Mengi hutegemea kiasi cha tezi na mirija kilichobaki kikiwa kimeungana na chuchu. Hakuna daktari awezaye kuahidi. Matiti yakiwa makubwa kupita kiasi, chuchu huweza kukatwa kabisa na kupandikizwa upya kama kiraka cha ngozi. Hapo kunyonyesha kumekwisha, na hisia ya chuchu haitarudi kama ilivyokuwa. Mahali ambapo kopo la maziwa ya unga hula mshahara na maji safi hayana uhakika, hii si habari ya kutajwa mlangoni. Anayetarajia kuzaa karibuni anaweza kushauriwa asubiri, hasa kwa kuwa ujauzito huweza kuyakuza matiti tena. Lakini kumlazimisha msichana wa miaka 22 abebe maumivu miaka kumi kwa ajili ya watoto ambao hajawapata ni ukatili uliovaa joho la hekima.

Makovu nayo yasemwe bila kificho. Ngozi nyeusi ina mwelekeo mkubwa zaidi wa kuota keloidi, na aliyewahi kuota keloidi sikioni au kifuani aulizwe mapema. Mvutaji sigara aache angalau wiki nne kabla, maana sigara huinyima chuchu damu. Mwenye kisukari adhibiti sukari kwanza.

Baada ya siku moja au mbili wengi huruhusiwa kwenda nyumbani, wakivaa sidiria ya kubana isiyo na waya. Kazi nyepesi huwezekana baada ya takriban wiki mbili; ndoo ya maji, jembe na mtoto mgongoni vingoje wiki sita. Pale kovu la wima linapokutana na la chini, jeraha hufunguka mara kwa mara na kuchukua wiki kadhaa kupona. Asiyeambiwa hudhani upasuaji umeharibika. Linalotisha kweli ni titi moja kuvimba na kukaza ghafla siku za kwanza, chuchu kubadilika kuwa nyeusi kuliko kawaida yake, homa au usaha. Muuguzi wa zahanati aonapo hayo asiishie kwenye antibiotiki. Apige simu kwa aliyepasua siku hiyohiyo.

Fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kiingereza na kutiwa saini asubuhi ya upasuaji, mgonjwa akiwa tayari amevaa gauni la hospitali, haitoshi kwa mambo haya. Mazungumzo yafanyike wiki kadhaa kabla, kwa Kiswahili, mgonjwa akionyeshwa picha za makovu kwenye ngozi kama yake. Mume au mama akitaka kuwapo, aketi, mradi mgonjwa ameridhia. Ila swali la kunyonyesha aulizwe mwenye matiti, tena angalau mara moja akiwa peke yake na daktari.